Nyama Iliyoitwa Kachumbari

Hebu niambieni, nyinyi mlioketi hapo na meno yenu mapya: kipande cha nyama ukikipaka chumvi, ukakitundika juu ya moshi mpaka kikakauka, kinageuka kuwa nini? Kinageuka kabichi? Kinaota mizizi?

Mnacheka. Chekeni tu. Kuna watu wazima, wenye ofisi na mihuri, walioshindwa na swali hilo hilo.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa na nyumba, majiko na vyeti vya kuzaliwa, Simba alialikwa kwenye harusi ya Nyati. Huko akaandaliwa maharage. Akala sahani ya kwanza, akala ya pili, akasukumia na ya tatu. Kisha akasimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi," akaanza, na puuuu! Hotuba ikajibiwa kutoka nyuma yake mwenyewe.

Watoto wa Tumbili walicheka mpaka wakaanguka kutoka matawini. Bibi harusi akajifunika shela uso mzima. Simba akaenda nyumbani bila keki.

Kesho yake asubuhi ikatoka amri. "Kuanzia leo, kila anayekula mgao wangu ale nyama tupu! Jani, mbegu, tunda, mzizi, sitaki kuviona. Atakayekula kisicho nyama atavuka mto, na hatarudi!"

Ng'ambo ya mto kulikuwa na mchanga na upepo, basi. Hakuna aliyetaka kwenda huko. Walaji nyama wote wakatii: Chui, Bweha, Fungo, Kanu, kila mmoja akachukua mgao wake na kufunga mdomo.

Na amri ikishatoka, lazima apatikane wa kuisimamia. Akateuliwa Fisi kuwa Afisa Lishe. Mtauliza Fisi alisomea wapi mambo ya lishe. Hakusomea popote! Fisi ni shemeji wa Simba. Hiyo ndiyo diploma yake.

Aliyesoma alikuwa Nguchiro.

Nguchiro alikuwa mdogo, mwembamba, mkia kama brashi ya kuoshea chupa, ulimi kama wembe. Alikuwa na shahada ya uhifadhi wa nyama. Si mchezo: miaka minne darasani, tasnifu ya kurasa mia mbili, kofia ya mraba na picha aliyopigwa akiwa na mamake. Kisha akaanza kutarmac, kusaka kazi. Alizunguka ofisi zote za himaya na bahasha ya kaki kwapani.

"Una uzoefu wa miaka mitano?"

"Nimemaliza juzi."

"Basi rudi ukishapata uzoefu."

Aupate wapi huo uzoefu? Auchume mtini? Akarudi nyumbani, akaitundika shahada jikoni juu ya uchanja, na moshi ukaifukiza mpaka ikawa rangi ya figo. Shahada ya kukausha nyama, nayo imekaushwa. Kila akiitazama, Nguchiro alitoa msonyo mmoja mrefu. "Mschew!"

Aliishi na mamake, na mamake hakuwa na jino hata moja. Nyama mbichi aliitazama tu, kama picha ya ukutani. Lakini nyama kavu, ukiitwanga kwenye kinu ikawa unga, ukaikoroga kwa maji moto, bibi yule alikunywa bakuli mbili na kuulamba mwiko. Na kiangazi kilikuwa kinakuja. Wakati wa kiangazi, pofu na swala huhama, na mgao husimama. Asiye na akiba hulala na tumbo tupu mpaka mvua irudi.

Basi kila mgao ulipotoka, Nguchiro alikata nyama yake vipande vyembamba. Akaipaka chumvi, pilipili manga na ndimu kidogo, akaitundika kwenye uchanja juu ya moshi wa kuni za mpera. Ilipofika mwisho wa mvua, uchanja ulikuwa umejaa mpaka unalia kreee.

"Mama," akasema, "mwaka huu hatulali njaa."

"Mungu akuweke, mwanangu," mamake akajibu. "Ila hiyo harufu inafika mbali."

Ilifika. Ilifika mpaka kwenye pua ya Afisa Lishe.

Gwa! Gwa! Gwa!

"Hodi! Ukaguzi!"

"Karibuni," Nguchiro akasema. "Mlango una komeo, haujawakosea kitu."

Fisi akaingia na fomu zake kwenye ubao. Nyuma yake Chui, askari wa ukaguzi, mabega kama kabati la nguo. Fisi akainua pua juu. Mate yakamdondoka, to, to, to, juu ya fomu.

"Hiki ni nini?"

"Nyama, afisa."

"Nyama gani imekauka kama kiatu cha mchungaji?"

"Ya pofu. Ni mgao wangu. Nimeihifadhi isioze."

"Umeihifadhi kwa nini?"

"Chumvi."

"Chumvi ni nyama?"

"La."

"Chui, andika hapo: chumvi si nyama. Na hivi vidoti vyeusi?"

"Pilipili manga."

"Pilipili ina kwato?"

"Afisa, jamani..."

"Jibu swali! Ina kwato?"

"Haina."

"Na hii harufu kali?"

"Ndimu, kidogo tu."

"Ndimu imewahi kulia mee? Chui, umewahi kukimbizana na ndimu?"

"Sijawahi, mkubwa," Chui akasema kwa uzito.

"Na moshi umetoka wapi?"

"Kwenye kuni."

"Kuni ni nini?"

Nguchiro akafumba macho. "Mti."

"Mti!" Fisi akaruka juu. "Mti una majani! Chumvi, pilipili, ndimu na majani. Bi msomi, unajua kitu hiki kinaitwaje kwa watu wenye akili? Kachumbari! Umejaza nyumba kachumbari, na mzee amekataza mboga!"

"Excuse me? Afisa, nimesomea hii kitu. Chumvi inatoa maji, moshi unazuia wadudu, lakini nyama inabaki nyama. Kuna soseji za mjini zilizojazwa unga wa ngano na sukari. Hizo sawa, zikague, hata mimi nazitilia shaka. Lakini hii ni pofu mtupu! Ukimnyunyizia mamako manukato, anakuwa ua?"

"Usimtaje mamangu. Hii ni processed," Fisi akasema. Neno hilo alilipata kwenye semina, pamoja na chai na maandazi, na tangu siku hiyo alilibeba kila mahali. "Processed! Inachukuliwa ikaharibiwe."

"Ikaharibiwe wapi?"

"Ghalani. Na vile vipande vinono vinapelekwa juu, kwa uchunguzi zaidi."

"Juu wapi?"

"Juu ni juu! Chui, beba."

Chui akabeba. Akatungua kipande baada ya kipande mpaka uchanja ukabaki vijiti vitupu. Mama Nguchiro akasimama mlangoni, mikono kichwani.

"Baba afisa, niachie hata kimoja. Sina meno."

"Bibi, tunalinda afya yako," Fisi akamwambia.

Nguchiro akawafuata mpaka ghalani. Mlango ukafungwa, pu! Akaweka sikio ukutani. Ndani akasikia: kru, kru, kru. Nyam, nyam. Kru.

"Nyinyi!" akapiga kelele. "Mnafanya nini humo?"

Kisha sauti ya Fisi, mdomo umejaa pomoni: "Tunaharibu!"

Kwa nini hakupiga ripoti, mtaniuliza. Alipiga! Alikwenda ofisi ya malalamiko. Wakamwambia ajaze fomu. Akajaza. Wakamwambia fomu haikubaliki bila sahihi. Sahihi ya nani? Ya Afisa Lishe! Yaani ukaombe ruhusa kwa mwizi ndipo uite mwizi. Nguchiro akarudi nyumbani miguu ikiuma, akaketi chini ya uchanja mtupu. Mamake alikuwa anatwanga kinu kisicho na kitu, tu, tu, tu, ili majirani wasijue.

Sauti hiyo ndiyo iliyomchoma. Nguchiro akainua macho, akaiona shahada yake imejikunja ukutani.

"Chumvi inatoa maji," akasema polepole. "Chumvi inatoa maji. Mama! Lile paja lipo?"

Kulikuwa na paja moja la pofu ambalo Chui hakuliona, kwa sababu lilikuwa bado limezikwa ndani ya pipa la chumvi. Nguchiro akaliacha humo siku tatu zaidi. Alipolitoa lilikuwa jeupe kama mzee wa mvi. Akalifuta chumvi ya nje, akalipaka pilipili, akalitundika motoni likanukia hata mawe yakameza mate.

Alhamisi asubuhi akalifunga kwenye kitambaa, akaenda ofisini kwa Fisi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Fisi akashtuka. Hakuwahi kuamkiwa hivyo na Nguchiro. "Marahaba, marahaba. Umepata adabu?"

"Nimepata. Nakiri, Mheshimiwa. Nilikuficha kachumbari moja." Akafungua kitambaa pembeni kidogo.

To, to, to, mate ya Fisi juu ya meza.

"Ilete hapa ikaharibiwe!"

"Nitaleta. Lakini unisainie fomu yangu ya malalamiko, niende Barazani leo."

Fisi akacheka mpaka akashika mbavu. "Heee! Heee! Heeehee! Ukalalamike kwa nani? Kwa shemeji yangu? Lete kalamu!" Akasaini. Akalichukua paja. Nguchiro hajafika hata nje ya lango, akasikia nyuma yake: "Chui! Kata katikati! Sehemu nono ipelekwe juu, haraka kabla haijapoa!"

Nguchiro akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mahafali.

Sasa, sikilizeni vizuri desturi ya Baraza la Simba. Baraza hukaa saa saba mchana, jua la utosini, kwenye uwanja usio na kivuli. Katikati huwekwa mtungi wa maji baridi. Maji hayo hayaguswi mpaka hukumu itolewe, na Simba ndiye wa kwanza kunywa. Zamani za babu zao waamuzi walikuwa wanayamaliza maji kabla ya kusikiliza kesi, wakishiba wanasinzia. Ndipo ikawekwa desturi: haki kwanza, maji baadaye.

Wanyama wakajaa. Simba akaketi juu ya jiwe lake. Fisi kulia, Chui kushoto. Nguchiro akaja na mtungi wake mwenyewe kichwani, akauweka chini, akakalia kifuniko chake. Akafungua kitabu kinene.

"Mtukufu, malalamiko yangu ni mafupi. Lakini kwanza nitasoma tasnifu yangu."

"Kurasa ngapi?" Simba akauliza.

"Mia mbili. Sheria inasema mlalamikaji hakatizwi. Sura ya Kwanza. Utangulizi. Tangu enzi na enzi, viumbe wamekuwa wakihifadhi nyama..."

Jua likawaka. Nguchiro akasoma utangulizi. Akasoma usuli wa tatizo. Akasoma malengo ya utafiti, lengo kuu na malengo mahususi. Fungo akasinzia, Bweha akakuna sikio. Wengine walikaa tu, wamechoka lakini salama.

Chui akaanza kulamba midomo. Lapu, lapu.

"Sura ya Pili. Maandishi yaliyotangulia."

"Fupisha!" Fisi akalia. Sauti ilitoka kavu, kama mlango wa zamani.

"Hakatizwi," Nguchiro akasema, akalowesha kidole, akafungua ukurasa mwingine. Taratiiibu.

Alipofika Sura ya Nne, ulimi wa Fisi ulikuwa umelala kidevuni. Hapo Nguchiro akafunga kitabu, pa!

"Nina maswali matatu kwa Afisa Lishe. Nyama yangu uliyochukua, ni nyama au si nyama?"

"Si nyama!" Fisi akakwaruza. "Ni kachumbari. Nimesema na nimeandika."

"Kwa hiyo aliyeila, yeyote yule, amevunja amri ya Mtukufu?"

"Amevunja! Tumalize!"

"Na adhabu yake?"

"Avuke mto, asirudi. Mzee, toa hukumu tunywe!"

"Mtukufu, ni kweli?" Nguchiro akauliza. "Hata awe mkubwa namna gani?"

Simba akakohoa, kho, kho. "Hata awe nani. Nimesema."

"Asante. Basi naomba tuendelee. Sura ya Tano..."

"Sitaki Sura ya Tano!" Chui akanguruma. Akaruka kama mshale mpaka kwenye mtungi wa Baraza, akatumbukiza kichwa. Gubu, gubu, gubu!

"Desturi!" watu wakapiga kelele. "Hukumu bado!"

Fisi akamvuta Chui mkia, akamsukuma, akatumbukiza kichwa chake. Gubu, gubu, gubu! "Niachie!" "Niachie wewe!"

Na mara, kishindo. Du! Simba mwenyewe ameshuka kutoka jiweni. Akawatupa wote wawili kando, akauinua mtungi kwa mikono miwili, akaumimina kooni mpaka tone la mwisho. Kisha akaulamba mdomo wa mtungi. Kisha akakumbuka yuko wapi.

Mtungi ukaviringika, korongo, korongo, korongo, ukasimama miguuni mwa Fungo.

Fungo alikuwa mama mzima asiyeogopa mtu. "Maajabu," akasema. "Hukumu bado, maji yamekwisha."

"Mama Fungo," Nguchiro akasema, "leo umekula nini?"

"Mgao wangu. Nyama mbichi."

"Una kiu?"

"Kiu ya kawaida tu."

"Bweha je? Kanu je? Hakuna. Jua letu moja, uwanja wetu mmoja, na wenye kiu ni watatu. Nyama mbichi ina maji yake. Nyama ya chumvi inayadai maji kwako. Sura ya Tatu, ukurasa wa sabini na moja, ila mlikuwa hamsikilizi." Akamgeukia Simba. "Mtukufu, una pilipili manga kwenye jino. Hapo kushoto."

Simba akafunga mdomo haraka.

"Sasa chagua," Nguchiro akasema, na hakuwa tena anacheka. "Nyama kavu ikiwa si nyama, mmekula kisicho nyama, na mto uko pale. Nyote watatu. Ikiwa ni nyama, basi mmeiba nyama ya bibi asiye na meno."

Simba akatazama mto. Akatazama watu. Akasafisha koo.

"Jambo hili ni zito. Tutaunda kamati..."

"Wapi!" Mama Fungo akasema.

"...itakayoongozwa na Fisi..."

"Kamati iundwe," Nguchiro akasema, akikalia vizuri kifuniko cha mtungi wake. "Ripoti itoke baada ya miezi sita. Mimi sina haraka. Nina maji."

Akafunua kidogo. Maji yakang'aa. Akatikisa: chwa, chwa, chwa.

Ulimi wa Simba ukatoka wenyewe, kwa maana maji ya mtungi mmoja hayakuwa yameshinda chumvi ya nusu paja.

"Nyama kavu," Simba akanong'ona, "ni nyama."

"Walio nyuma hawajasikia."

"NI NYAMA!" Miti ikatikisika. "Chumvi haiifanyi kachumbari! Inaruhusiwa kwenye amri ya nyama tupu! Nipe maji!"

"Saini kwanza." Nguchiro akatoa fomu, na safari hii aliiandika yeye. Uchanja wa mamake ujazwe kutoka kwenye mgao wa Simba, Fisi na Chui mpaka mvua irudi. Fisi aondoke ofisini leo, jua likiwa bado liko juu. Simba akabandika kidole chake chenye matope, Fisi akabandika chake akilia "heee" ndogo isiyo na kicheko, na Chui naye. Ndipo wakanywa.

"Na ile kazi ya Afisa Lishe?" Nguchiro akauliza.

Simba akafuta ndevu. "Aaa, hiyo itatangazwa. Peleka maombi. Una uzoefu wa miaka mitano?"

Nguchiro akamtazama. Akamtazama tena. "Mschew!" akasema mwishowe, akabeba mtungi wake, akaenda zake.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, kinu kilisikika nyumbani kwa Nguchiro, tu, tu, tu, na safari hii kilikuwa na kitu ndani: vipande vikavu vilivyookolewa ghalani. Mama akanywa bakuli mbili, akaulamba mwiko, akaitazama ile shahada ukutani.

"Kumbe hiyo karatasi ina kazi," akasema.

"Ina kazi, Mama. Wasio na kazi ni wale walioketi mbele yake."

Funzo ni moja: mla cha mtu kwa hila, kiu yake itamtaja.

Na wewe, Mheshimiwa mwenye ubao wa fomu, unayesema chakula cha mtu ni haramu kisha unafunga mlango: fungua hilo ghala sasa hivi, mbele yetu sote, na hiyo ofisi umwachie aliyeisomea!